Kanda, kiberiti na juisi ya machungwa

ZUHURA: Haya, tumerudi. Jumbe kachelewa tena, na leo eti si foleni.

JUMBE: Si foleni, dada. Kiberiti.

ZUHURA: Jamani, leo tulipanga tamthilia za Kikorea zinazoonyesha jikoni, kule tamthilia zenyewe zinakopikwa. Nina masomo matano kwenye daftari. Usinivuruge.

JUMBE: Dakika moja tu. Jumamosi nilikuwa na video ya sendofu. Ukumbi Mbagala, mimi niko Sinza, kompyuta inarenda, yaani inamalizia kutengeneza video, mpaka saa kumi na mbili na nusu, na bibi harusi anaingia saa moja. Nikaita bodaboda. Flashi yenyewe ndogo kama kucha, nikaogopa ataidondosha, nikaitia kwenye kiberiti kitupu, nikazungushia rababendi.

ZUHURA: Kiberiti!

JUMBE: Saa moja napiga: "Bosi, nipo hapa Buguruni." Saa moja na robo: "Bosi, nipo hapa hapa Buguruni." Kumbe kasimama kijiweni, mama ntilie kaomba kiberiti awashe jiko, na jamaa ana roho nzuri.

ZUHURA: Usiniambie!

JUMBE: Kampa. Mama kafungua, kachomoa flashi, kaigeuzageuza: "Mwanangu, njiti yako hii inawashwa upande gani?"

ZUHURA: (anacheka) Ngoja nifute machozi. Lakini huo si ndio mwanzo wa The King of Dramas? Ile ya SBS, kituo cha televisheni cha Korea Kusini, ya 2012, Kim Myung-min ndiye Anthony Kim, prodyuza. Kipindi cha mwisho cha tamthilia yake kinasubiriwa hewani, mdhamini anataka juisi ya machungwa ionekane kwenye tukio la mwisho...

JUMBE: Mtu anakata roho huku anakunywa juisi!

ZUHURA: Basi muda umekwisha, kanda inapakiwa kwenye pikipiki ikimbizwe Seoul. Dereva anaahidiwa hela awahi. Anapata ajali, anakufa. Anthony anaichukua kanda na kuondoka nayo.

JUMBE: Wangeifungia kwenye kiberiti ingefika.

ZUHURA: Jumbe. Wewe yako ulimwambiaje?

JUMBE: Nani?

ZUHURA: Bodaboda wako.

JUMBE: Nilimwambia awahi, ningemwongezea elfu tano.

ZUHURA: Anthony huyo.

JUMBE: Aa, hapana. Mimi nilikuwa na bibi harusi, yeye alikuwa na juisi.

ZUHURA: Dereva hajui tofauti. Yeye anasikia "wahi" na anasikia "elfu tano". Mimi ndicho kinachonikera kwenye tamthilia hizi. Mwendesha pikipiki anakufa kipindi cha kwanza, vipo kumi na nane. Vilivyobaki vinamfuata nani? Steringi. Kafilisika, tumhurumie, ainuke. Tasnia inajisema yenyewe halafu inajifuta machozi yenyewe.

JUMBE: Sasa ulitaka wamfuate marehemu? Hadithi lazima imfuate mtu. Na bila kile kipindi, mtazamaji wa kibanda umiza angejuaje kwamba Wakorea walikuwa wanapiga picha wiki ile ile inayoruka hewani? Enzi hizo tamthilia ilikuwa inatoka mara mbili kwa wiki, kila kipindi kama saa nzima, maandishi yanakuja vipande vipande. Mwigizaji anapewa karatasi asubuhi, jioni keshalia mbele ya kamera.

ZUHURA: Kujua kumemsaidia nani?

JUMBE: 2018 wakabadilisha sheria, kikomo cha saa za kazi kwa wiki kikashuka kutoka 68 mpaka 52.

ZUHURA: Usimpe Anthony sifa hiyo! 2016 kuna kijana mwongozaji msaidizi alifariki, akaacha maneno kuhusu walivyofanyishwa kazi, na familia yake ikapiga kelele mpaka kampuni ikaomba radhi mwaka uliofuata. Mama na baba waliofiwa ndio walioibeba. Steringi alikuwa anakunywa juisi.

JUMBE: Mimi nasema vyote viwili vinasaidia.

ZUHURA: Na mimi nasema kimoja kinauza matangazo.

JUMBE: Basi wewe ungeandikaje?

ZUHURA: Kipindi cha pili naanzia kijiweni. Wenzake wanamngoja, chai inapoa.

JUMBE: Nani atakaa kutazama hiyo?

ZUHURA: Mama ntilie wako.

JUMBE: Mama ntilie wangu anatafuta kiberiti!

ZUHURA: Unakwepa.

JUMBE: Sikwepi. Anthony kakosea, sawa, lakini tamthilia imemwonyesha akikosea. Ile On Air ya 2008, nayo ya watengeneza tamthilia, hata haikufika huko.

ZUHURA: Kumwonyesha ni kazi ya dakika kumi. Nimekwambia, vile vipindi kumi na saba...

JUMBE: Hatutakubaliana.

ZUHURA: Hatutakubaliana. Na elfu tano ulimpa?

JUMBE: ...Nilimpa elfu tatu. Alichelewa, Zuhura!

ZUHURA: Hata Anthony hakufanya hivyo!

JUMBE: Subiri, mwenye studio anagonga. Kwaya wamefika, muda wao.

ZUHURA: Na masomo yangu matano? Nisome basi japo la kwanza, nimeandika kwa wino mwekundu...

JUMBE: Kinanda kimeshaingia mlangoni, dada. Shika waya huo, usiukanyage.