Mzee Kasahau, au Hakusikia?

ISSA: Karibuni tena, tupo Mikindani, Mtwara, na jua la leo limetuamulia. Mimi Issa, niko na dada Zuhura.

ZUHURA: Wazee wetu shikamooni, wengine hamjambo.

ISSA: Dada, leo akili za uzeeni, na mimi naanza na bao. Mashimo 32, kete 64, mzee anajua mtaji wake, yaani mchezo wa kula kete, utaishia wapi kabla hajagusa kete. Ubongo wa hivyo utachakaa lini?

ZUHURA: Bao silikatai. Ila mimi naangalia baraza lenyewe: utani, ubishi, kuulizana habari. Sasa masikio yakipungua? Anatupiwa utani haupati, wenzake wanacheka yeye anakodoa macho. Mwisho anaona haya, hatoki tena. Nyumbani mnasema mzee kasahau, kumbe hakusikia tangu mwanzo.

ISSA: Na wajukuu wanamalizia, "Muache, babu keshakuwa mtoto."

ZUHURA: Hapo ndipo panaponiudhi! Wataalamu wa jarida la Lancet walisema mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya dimensia, huu ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, vinahusishwa na mambo 14 ambayo yakidhibitiwa, ungeweza kuzuilika au kuchelewa. Kutosikia kumo, presha, kisukari, sigara, upweke, hata macho yasiyotibiwa.

ISSA: Macho? Huyu mtoto wa jicho?

ZUHURA: Huyo huyo, na anatolewa kwa upasuaji. Masikio nayo, pengine ni nta tu imeziba.

ISSA: Si tunachokoa na njiti ya kiberiti.

ZUHURA: Na mnaisindilia ndani! Apelekwe akatazamwe.

ISSA: Haya, presha. Maana huku ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, na wali ndiyo maisha.

ZUHURA: Ng'onda aloweke, amwage maji ya chumvi. Presha inaharibu mishipa midogo ya ubongo miaka na miaka, na mtu hasikii maumivu yoyote. Kwa hiyo wa kupima si babu peke yake, ni wewe kaka mwenye miaka arobaini na kitu. Na vidonge ni kila siku kama ulivyoandikiwa, si mpaka kichwa kigonge.

ISSA: Nimesikia. Korosho je? Wanasema zinaongeza akili.

ZUHURA: Wauzaji ndio wanaosema. Kula, ni chakula kizuri, lakini dawa ya kusahau siyo.

ISSA: La mwisho. Bibi jana alikuwa mzima, leo anaita watu majina siyo, anaongea peke yake. Majirani washaanza kunong'ona karogwa.

ZUHURA: Ghafla hivyo si uzee wala si uchawi. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, sukari imeshuka, kiharusi, au dawa aliyoanza juzi. Hospitali siku hiyo hiyo, na mbebe dawa zake zote kwenye mfuko.

ISSA: Hata ile mitishamba ya kwenye chupa?

ZUHURA: Hasa hiyo. Na daktari akiuliza, msimfiche.