Jinsi ya kuchagua ampi ya gita ya mazoezi bila kuunguza hela yako

Haya wadau, karibuni, leo tuko hapa Kibuli, Kampala, na mezani mnaona ampi tatu, yaani vikuza sauti vya gita, hii ndogo ya betri, hii ya kati, na hii kuukuu ya mkono wa pili. Wengi mnaniuliza, gita la umeme nimeshapata, nichomeke wapi, kwenye redio ya nyumbani si inatosha? Sauti itatoka ndio, ila itatoka kama mtu anaongea kajifunika blanketi, kwa sababu tundu la redio limetengenezewa simu na CD, halikutengenezewa pikapu ya gita, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, linakumezea trebo yote, ile sauti kali ya juu. Tafuta ampi ya gita, hata kama ni ndogo.

Sasa kabla hujauliza bei, kabla hujasema hata hii nimeipenda, geuza ampi uiangalie mgongoni. Hapa karibu na waya wa stima unapoingilia kuna kibandiko chenye maandishi madogo... ngoja, kamera inakataa, mwanga wa dirisha unapiga, nisogeze. Hapo. Mnaona? 120V, 60Hz. Hii imetoka Marekani. Stima yetu Uganda ni volti 240. Zinazotoka Japani ni mbaya zaidi, kule wanatumia volti 100 na mizigo yao ya mitumba inafika hapa kila siku. Ukiichomeka ukutani hivi hivi unaua transfoma ya ndani. Na tafadhali nisikilizeni vizuri hapa, ile adapta ya kubadilisha miguu ya plagi HAIBADILISHI volti, inabadilisha umbo la miguu tu. Mwanafunzi wangu mmoja aliletewa ampi na shangazi yake, mpya kabisa, akatia adapta akachomeka, fyuzi ikakatika, akaweka fyuzi nyingine, hapo ndo moshi ukatoka. Soma kibandiko. Kikiwa kimebanduka au kimefutika na muuzaji anakwambia hii ni sawa tu ssebo, wewe iache hapo hapo.

Kama umependa ya 120 kweli kweli, nunua transfoma ya kushusha stima, na wati zake zizidi zile zilizoandikwa kwenye kibandiko, zikiwa mara mbili ndo utalala usingizi. Lakini piga hesabu, bei ya ampi ukijumlisha transfoma mara nyingi inakuletea ampi ya 240 mpya. Hizi ndogo zenye chaja ya nje angalia chaja yenyewe, ikiandikwa 100-240V huna shida. Ila usichukue chaja ya kifaa kingine eti kwa sababu kichwa kinaingia, angalia kile kimchoro cha jumlisha na toa, vifaa vingi vya gita vya volti 9 vinaweka toa katikati na chaja nyingi za kawaida zinaweka jumlisha.

Adhana hiyo, nazima kidogo.

Haya tumerudi. Wati. Watu wanakimbilia wati nyingi na hapo ndo hela inapotea bure. Ampi ya wati 20 haipigi kelele mara mbili ya wati 10, tofauti yake sikioni ni ndogo tu, ili sikio lako lisikie sauti imekuwa mara mbili unahitaji wati mara kumi hivi. Kwa chumba kimoja wati 10 zinatosha mpaka jirani agonge ukuta. Mimi naangalia spika kwanza. Fender Frontman 10G ina spika ya inchi 6, Champion 20, nayo ni ya Fender, ina inchi 8, na hizo inchi mbili utazisikia kwenye nyuzi nene, sauti inakuwa na tumbo. Orange Crush 12 pia naipenda, ila haina tundu la kuingizia muziki wa simu, na ukiwa unajifunza kwa kufuatisha nyimbo utalitafuta.

Sasa tuijaribu. Volyumu sifuri, chomeka kebo, washa, pandisha polepole. Anza na sauti safi, usiguse distoshoni kwanza, ile sauti ya kukwaruza ya roki. Muuzaji atakuwashia distoshoni kwa sababu inaficha kila kitu, mpaka spika iliyochanika inasikika kali. Na sisi huku, ukipiga kanisani, ukipiga seben ya Kikongo, ile sehemu ya wimbo ya magitaa ya kuchezesha watu, ukitaka kufuata magitaa ya Afrigo Band, bendi yetu ya Uganda ambao wapo tangu 1975, utakaa kwenye sauti safi muda mwingi. Sikilizeni... hiyo ti-ti-ti ni simu yangu, naisogeza mbali. Sasa. Zungusha nobu zote pole pole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hii ya geini, ile inayoongeza nguvu ya sauti ya gita inapoingia, inakwaruza, mmesikia? Ni vumbi tu, dawa ya kusafishia inaitoa, hiyo ni ya kupunguziwa bei. Tikisa jeki, kile kichwa cha kebo, kidogo kwenye tundu, sauti ikikatika katika tundu limelegea, nayo punguziwa.

Mvumo sasa, ile sauti ya mmm inayotoka hata kama hupigi. Ukishika nyuzi mvumo ukapungua, kawaida hiyo. Ukishika nyuzi ukahisi stima inakutekenya, weka gita chini, zima, chomoa, usinunue. Na kama plagi imekatwa ule mguu mrefu wa juu, ule ndo wa ethi, unaopeleka stima iliyovuja ardhini, usikubali hata wakikuapia, wewe ndo unashika nyuzi za chuma.

Iache inawaka robo saa hivi huku mnaongea bei, kuna ugonjwa unatokea ikishapata joto, ikianza kunuka au sauti kufifia umejua.

Tundu la hedifoni lazima liwepo, wengi tunaishi vyumba vya kushikana, saa nne usiku hakuna atakayekuelewa. Na kama kwenu stima inakatika sana, hii ndogo, Blackstar Fly 3, wati 3 tu, inakula betri 6 za AA, kwa chumbani ni raha, kwa kwaya haitoshi, usijidanganye. Ila gita la besi usilipigie humu wala kwenye hizi nyingine kwa sauti kubwa, spika itachanika.

Ukishalipa ibebe kwenye boda ukiipakata, uso wa spika ukuelekee wewe. Kebo za gita za mita tatu ninazo, nyuzi pia, anayetaka aandike hapo chini na aniambie gita lake ni gani, na kama umeshaona ampi mahali nitumie picha ya ule mgongo kwanza kabla hujatoa hela.