Kwale wa Rubeho na Ajira ya Mtafiti wa Viumbe Adimu

REHEMA: Tuanze na swali la mwanafunzi wa hapa Dodoma, yuko mwaka wa pili, anasoma baiolojia. Anataka kutafiti viumbe adimu, ila nyumbani wanamuuliza, utakula nini? Kaka Elia, wewe ndiyo kazi yako, mjibu.

ELIA: Wazazi wana haki ya kuuliza, dada. Mshahara wa mwezi hauji haraka. Wengi tunaanza kwa posho, msaidizi wa mtafiti mwingine, mradi ukiisha unatafuta mwingine. Ila asidhani lazima aende mbali. Ukiwa Mpwapwa, milima ya Rubeho hiyo hapo! Kuna kwale kule, nje ya milima ile hapatikani popote duniani.

REHEMA: Popote?

ELIA: Popote. Mwaka 2003 Jon Fjeldså na Jacob Kiure walimwandika kama nususpishi, yaani tawi jipya tu la kwale wa milima ya Udzungwa. Mwaka 2005, vinasaba vilipopimwa, akatambuliwa kuwa spishi inayojitegemea.

REHEMA: Na huyo wa Udzungwa ndiye wa kwenye sufuria?

ELIA: Ndiye huyo! Mwaka 1991, watafiti kutoka Denmark wako kambini, wameshakula, mmoja anatazama sufuriani anaona miguu ya ndege asiyemjua. Kumbe ndugu zake wa karibu wako Asia. Sasa fikiria, sayansi ilikuwa haina hata jina lake, lakini mtu aliyemtia sufuriani alijua anapatikana wapi.

REHEMA: Kwa hiyo wenyeji ndio walimu wa kwanza.

ELIA: Kabisa. Chuoni watakufundisha takwimu, na uzijue vizuri kwelikweli. Vibali vya utafiti vinasimamiwa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kwa wanyamapori TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, wanahusika. Unapeleka barua wilayani, unashuka kwa mtendaji wa kijiji. Baada ya hapo kaa na wazee. Usifike na daftari mkononi unahoji kama karani wa sensa. Salimia, kaa, sikiliza. Anayejua njia za msituni atakuambia ndege gani amepungua, na tangu lini.

REHEMA: Ukishamfikia huyo kwale?

ELIA: Humfikii, dada. Unamsubiri. Alfajiri baridi ya Rubeho inauma, ukungu umeshuka, miti inadondosha maji. Unasikia majani makavu yanachakurwa mbele yako, maana anakula chini, anatafuta wadudu na mbegu. Unaganda. Mdomo mwekundu unatokeza kati ya mizizi, unauona kidogo tu, amepotea. Unaandika saa, mahali, idadi. Siku nyingine unaandika kwamba hujaona kitu, na hiyo nayo ni data. Ukiificha, umedanganya kuhusu ndege ambaye msitu wake unakatwa na mitego imetegwa humo humo.

REHEMA: Hilo la mitego linaniumiza.

ELIA: Linauma. Lakini anayetega ana watoto wa kulisha. Ndiyo maana mtafiti asiyejua kukaa na watu hatamsaidia huyo ndege hata kidogo.

REHEMA: Basi mdogo wetu wa mwaka wa pili aanzie wapi?

ELIA: Likizo hii asikae tu. Atafute darubini, hata ya kuazima, ajifunze ndege wa hapa hapa mjini kwa sauti zao, macho yamefumbwa. Halafu aniandikie. Tukipata nafasi ya msaidizi, nitamwita.