Joto Chini ya Boneti: Tumelifungia Mlango wa Kutokea

Wenzangu, asanteni kwa kuja. Naona wawili watatu mmeshakuja na grainda. Ziwekeni chini kwanza, tuzungumze kuhusu kukata matundu kwenye boneti ili joto la injini litoke.

Tuanze na hesabu ndogo. Ukichoma lita tatu za petroli, ni kama lita moja tu inayosukuma gari. Joto la lita ya pili linatoka na moshi kwenye ekzosi, na la tatu linaishia kwenye maji ya rejeta na kwenye chuma cha injini. Dizeli ina nafuu kidogo. Kwa hiyo kilichoko chini ya boneti ni jiko, na boneti yenyewe ni mfuniko.

Gari la barabarani linapona kwa sababu ya mwendo. Hewa inaingia kwenye shoo, ule wavu wa mbele, inapita rejeta, inazunguka injini, inatokea chini. Sasa tazameni magari yetu ya porini. Mbele tumefunga bampa ya chuma, juu yake winchi, juu ya winchi taa nne. Chini tumefunga bamba zito la kukinga injini na mawe, na ni jambo jema, mimi mwenyewe ninalo. Lakini pale bamba lilipo ndipo hewa ya moto ilipokuwa inatokea. Kisha gari likichemsha tunaulaumu mwinuko.

Tena kuna suala la mwendo. Kwa kilomita 100 kwa saa, upepo unaisukuma pua ya gari kwa nguvu ya takribani paskali 460, yaani ungeweza kupandisha maji kwenye mpira mwembamba kiasi cha milimita 47. Punguza mwendo hadi kilomita 10 kwa saa. Mwendo umepungua mara kumi, lakini msukumo umepungua mara mia. Maji hayapandi hata nusu milimita. Kwenye mawe, ukiwa na gia nzito, upepo haupo. Umebaki na feni peke yake, na feni inajaribu kuingiza hewa kwenye chumba ambacho tayari kimejaa. Chumba kikijaa watu, huyo aliye mlangoni haingii mpaka mwingine atoke. Ndiyo maana nasema tatizo letu kubwa ni kutoka, na watu wengi wanahangaika na kuingia.

Hapo ndipo matundu ya boneti yanapokuja. Na hapo pia ndipo makosa yanapoanzia.

Kosa la kwanza nililifanya mimi. Nilikata matundu mawili karibu kabisa na kioo cha mbele, kwa sababu yalipendeza pale. Porini yalisaidia kidogo. Barabarani hayakufanya kitu, isipokuwa kabini ilianza kunuka oili. Nilichukua muda kuelewa. Upepo unaokuja juu ya boneti unagonga kioo na kurundikana pale chini ya waipa, kwa hiyo mgandamizo unakuwa mkubwa. Watengenezaji wanalijua hilo. Ndiyo sababu kwenye magari mengi hewa ya kabini huvutwa kutoka hapo hapo. Mimi nilikuwa nimefungua dirisha la jikoni likatazamana na la chumbani.

Wale wanaonyanyua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa, vile vipete vya chuma, kwenye bawaba, habari ni ile ile. Ukiwa umesimama au unatambaa, joto hupanda na kutoka, kwa hiyo utaona mafanikio. Ukikimbia, upepo unakuzibia au hata unarudi ndani.

Mahali pazuri kwa kawaida ni theluthi ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya rejeta. Pale upepo umeshapanda pua ya gari na unateleza juu kwa kasi, mgandamizo unashuka, na hewa ya ndani inafyonzwa. Vibao vya tundu viangalie nyuma, kuelekea kwenye kioo. Ukivigeuza viangalie mbele, unaingiza hewa nyingine kwenye chumba kile kile kilichojaa, na hewa ya rejeta inazidi kukwama.

Najua kuna mtu atasema: mbona Hilux ya dizeli yenye turbo ina mdomo kwenye boneti unaoangalia mbele? Ule haupozi injini. Chini yake kuna intakula, kama rejeta ndogo ya hewa, na hewa ile inakwenda kupoza hewa inayotoka kwenye turbo. Kuiga mdomo bila kilichoko chini yake ni mapambo.

Usiniamini mimi, pima. Kata nyuzi za sufu za urefu wa kidole, zibandike kwa tepu kwenye boneti, mwenzako aendeshe gari jingine pembeni akipiga video. Pale ambapo nyuzi zinalala vizuri kuelekea nyuma, upepo unateleza. Zinapocheza na kujigeuza, achana napo. Ukitaka zaidi, chukua mpira mwembamba wa plastiki, uukunje kama herufi U na kutia maji ya rangi. Ncha moja iwe chini ya boneti, nyingine juu ya sehemu unayotaka kukata. Tofauti ya maji itakuonyesha hewa inataka kwenda wapi.

Kuhusu kukata sitasema mengi. Funua boneti uitazame kwa ndani: ile mifupa usiiguse, ndiyo inayoishikilia isipepee. Pima mara mbili, laini kingo, paka praima kabla ya rangi, la sivyo kutu itaanza wiki hiyo hiyo.

Nimeulizwa hapa mbele: na mvua? Swali zuri. Injini yenyewe haiogopi matone, lakini alteneta, koili na soketi za nyaya zinaogopa. Usiweke tundu juu ya vitu hivyo. Kama huna nafasi nyingine, funga kisinia chembamba chini ya tundu chenye mfereji wa kupeleka maji pembeni. Kwa wanaovuka mito yenye kina, tengeneza vifuniko vya kufunga kabla ya kuingia, na ukumbuke kuvifungua ng'ambo.

Sasa msitegemee miujiza kwenye mshale wa joto. Themostati, ile vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, nyingi hufunguka kati ya nyuzijoto 82 na 90, na injini yenye afya haitakiwi kukaa chini ya hapo. Faida kubwa mtaiona kwingine: mipira haikauki haraka, nyaya hazipasuki, na betri ya asidi, ambayo kwa kadirio la mafundi hupoteza nusu ya umri wake kwa kila nyuzi kumi za joto zinazozidi, inapumua. Hasa mkizima gari. Maji yamesimama, feni imesimama, chuma bado kinawaka; joto la chini ya boneti hupanda dakika zile za kwanza. Simama mbele ya gari lenye matundu utaona hewa ikimeremeta inapotoka.

Na kama rejeta imejaa tope, kava la feni limevunjika, au maji yanapungua bila kuonekana yanakokwenda, tafadhali usikate chochote. Hilo ni la fundi, na huenda ni gasketi.

Nje kuna gari nimeshalibandika nyuzi. Twendeni, na grainda ziacheni humu humu.