Lugha ni Sifa ya Aya, Si ya Kompyuta

Ndugu wahariri, wafasiri na makatibu mahsusi, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, nami nitalisema tena kwa kuwa bado halijaingia katika mazoea ya ofisi zetu. Maneno ya Kiswahili yanapojaa mistari myekundu ukurasa mzima, si kwamba mwandishi hajui tahajia. Aya imeandikwa kwa Kiswahili, lakini ndani ya faili imesajiliwa kuwa ni Kiingereza.

Katika LibreOffice, programu huria ya kuandikia nyaraka, na vilevile katika Microsoft Word, lugha ya menyu ni jambo moja na lugha ya matini ni jambo jingine. Hii ya pili huhifadhiwa ndani ya faili, kipande kwa kipande, sawa na ukubwa wa herufi. Kwa hiyo ripoti moja inaweza kuwa na maelezo ya Kiswahili, nukuu ya Kiingereza na kiambatisho cha Kifaransa, na kila kipande kikakaguliwa kwa kamusi yake, mradi kamusi hiyo imewekwa. Unachagua kipande, unafungua menyu, unataja lugha yake. Bora zaidi ni kuiweka lugha katika mtindo wa aya, yaani umbo lililopewa jina ambalo aya nyingi huvikwa kwa pamoja, ili kila aya utakayoipa mtindo wa nukuu itambulike papo hapo kuwa ni ya Kiingereza.

Ofisi zetu hufanya nini? Huzima ukaguzi wote. Niliwahi kupewa kuhariri ripoti ya fedha ya taasisi moja, na nikaelezwa kwamba ukaguzi ulizimwa kwa sababu wekundu ulikuwa unaudhi. Humo "gharama" iliandikwa "garama", "thamani" ikawa "dhamani", na "shughuli" ikawa "shuguli" kuanzia jedwali la kwanza hadi la mwisho. Makosa hayo yote yangenaswa kabla ripoti haijatoka mezani. Tena masahihisho ya kiotomatiki yaliachwa yakiendelea kwa Kiingereza, hivyo "milango i wazi" ikatoka na I kubwa katikati ya sentensi. Yaani programu ilikatazwa kutusaidia ikaruhusiwa kutuharibia!

Najua yupo atakayesimama kuniambia kwamba kamusi ya Kiswahili haifai, kwa kuwa hata maneno sahihi huyapigia mstari. Lalamiko hilo lina msingi, na sababu yake inaeleweka. LibreOffice hukagua tahajia kwa Hunspell, programu ya kukagua tahajia yenye faili moja ya orodha ya maneno na nyingine ya kanuni za viambishi. Hunspell ilitungwa kwanza kwa ajili ya Kihungari, lugha inayorundika viambishi mwishoni mwa neno. Kwa kawaida huweza kuvua viambishi tamati viwili mfululizo, lakini kiambishi awali kimoja tu. Sasa tazameni "walivyonitembelea": kabla ya mzizi kuna wa, li, vyo na ni. Mtunzi wa kamusi hulazimika kuuhesabu mlolongo huo wote kuwa kiambishi kimoja, kisha arudie kwa kila nafsi, kila njeo na kila ngeli. Ni kazi ndefu, lakini inawezekana, na ilikwisha kuanzwa: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya OpenOffice kwa Kiswahili, mwaka 2004. Kinachohitajika ni watu wa kuiendeleza, na watu hao ni ninyi. Kila mnapobonyeza kitufe cha kuongeza neno katika kamusi, neno hilo hubaki katika kompyuta yako peke yake. Likusanyeni, mlipeleke kwa wanaotunza kamusi!

Mwingine atasema kamusi hainasi "kupiga kula" pale tulipokusudia kura. Kweli, hainasi. Hiyo ni kazi ya mhariri, naye ataifanya vizuri zaidi akiwa hajachoshwa na "garama".

Muda unanibana. Chagueni lebo ya lugha ya matini kwa uangalifu, kwa sababu Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya huorodheshwa mbalimbali, na kamusi ya LibreOffice imesajiliwa kwa Tanzania. Wasioona husomewa faili na programu inayotegemea lebo hiyohiyo kuchagua sauti. Na kuhusu ng', Word hukipinda kiapostrofu kilichonyooka; kamusi isiyofundishwa kuvipokea vyote viwili hukataa ng'ombe, ng'ambo na king'amuzi.