Nani Alishika Mkasi?

Wengine wenu mmeshanisikia kwa hili, na yule bwana wa nyuma kaanza kutabasamu kabla sijafungua kinywa. Nivumilieni. Kauboi wa Kitaliano, yaani filamu za kauboi zilizotengenezwa na Waitaliano, wanachekesha, sibishi. Midomo inakwenda huku, maneno yanatokea kule, hadithi nayo ina mapengo. Ila kabla hujacheka, uliza: pengo hili kaliacha mwenye filamu, au limeachwa na mkasi wa mtu mwingine?

Chukueni A Fistful of Dollars, ya 1964. Sergio Leone, mwongozaji wake Mwitaliano, anamleta mtu, ndiye Clint Eastwood, juu ya nyumbu, anasimama kisimani, anakunywa maji. Katoka wapi? Huambiwi. Baadaye anamwokoa Marisol na mumewe na mtoto wao, na akiulizwa kwa nini, anajibu tu kwamba aliwahi kumjua mwanamke kama huyo, na hapakuwa na wa kumsaidia. Historia yake yote ni hiyo. Inatosha.

Miaka ya 1970, televisheni ya ABC kule Marekani inataka kuionyesha. Wakubwa wakaona haya: steringi gani huyu anaua kwa malipo na haadhibiwi? Wakamtafuta mwongozaji Monte Hellman awatengenezee utangulizi. Harry Dean Stanton akawa mkuu wa gereza, anamtoa mfungwa: nenda San Miguel ukausafishe mji, upate msamaha. Haya. Lakini Eastwood hayupo! Wakamsimamisha mtu mwingine, kofia imeshushwa usoni, kainama utadhani kadondosha sindano. Stanton anaongea, anaongea, mwenzake kimya kama kaja kuposa. Mara paap, macho ya Eastwood! Yamekatwa kwenye filamu yenyewe yakabandikwa pale. Halafu kofia tena. Nilicheka mpaka machozi, na hasira juu. Maana mnaona walichofanya? Mtu asiye na kwao wamemgeuza mtumishi wa serikali. Yuko safarini kikazi! Bado posho tu.

Kuna atakayesema: mzee, na watafsiri wetu wa vibanda vya video je? Wao hawakutia chumvi? Walitia, tena ya mawe. Lakini mtafsiri sauti yake unaisikia, unajua hapa ni yeye, hapa ni filamu. Hakuna aliyetoka kibandani akidhani Eastwood anajua Kiswahili. Mwenye mkasi hujificha. Usinichanganyie hawa wawili.

Na kurudisha kilichokatwa nako kuna vituko vyake. The Good, the Bad and the Ugly, ya Leone huyo huyo, ni ya 1966. Mwaka 2003 wakarudisha sehemu zilizokuwa hazimo katika toleo la Kiingereza, na kwa kuwa hazikuwa na sauti ya Kiingereza, wakawaita Eastwood na Eli Wallach waingize maneno upya. Eastwood keshapita miaka 70, Wallach ana 87. Mwenzao Lee Van Cleef alifariki 1989, ikabidi sauti yake aiigize mtu mwingine. Basi Tuco, ndiye Wallach, anaingia pangoni na kuku wake, mwili wa miaka 50, sauti ya babu! Anatoka pangoni, kapona uzee. Hapo cheka, mimi mwenyewe nacheka. Wamerudisha kilichokatwa, hawakubuni kipya.

Ngoja, haraka haraka. Once Upon a Time in the West, ya Leone pia, ya 1968: Marekani waliondoa kama dakika 20, ikiwemo sehemu ambayo wahusika wawili wakuu, Cheyenne na Harmonica, wanakutana mara ya kwanza, na kifo cha Cheyenne. Watazamaji wakalalamika kwamba Leone haeleweki. Angeelewekaje?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka tufike kwa Corbucci, mwongozaji mwingine wa Kitaliano, na filamu yake The Great Silence, aliyoipigia mwisho wa pili ambao steringi anapona. Siku nyingine. Zimeni taa, kijana aweke kile kipande cha gerezani. Itazameni kofia.