Ami Anataka Gari la Umeme, Atachaji Wapi?

Asalaam alaykum watu wa nyumbani Mombasa, wa kisiwani, Likoni, Kisauni na Changamwe. Niko York, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza. Ni saa mbili usiku, na hili hapa nyuma yangu ndilo gari langu, liko kwenye chaji.

Juzi ami yangu wa Majengo kanitumia sauti WhatsApp. Kuna Nissan Leaf, gari la umeme la mtumba, imeshuka bandarini Kilindini kutoka Japani, bei imemvutia, je, anunue? Ami, shikamoo. Nakujibu hapa ili na wenzako wasikie.

Kwanza fungua kile kifuniko cha puani uangalie midomo ya chaji. Leaf ya Japani ina Type 1 kwa chaji ya polepole na CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Magari mengi ya Ulaya yana Type 2 na CCS, na mengi ya China yana GB/T, maumbo mengine yasiyoingia kwenye midomo ya Leaf hiyo. Ukienda kwenye mashine yenye waya wa CCS pekee, utarudi na betri kama ulivyokwenda nayo. Na betri yenyewe, ami! Leaf hizi za mtumba hazipozi betri kwa maji, zinategemea upepo tu, na joto la Mombasa unalijua. Kwenye dashibodi hesabu vile vipande vya afya ya betri: ilipokuwa mpya vilikuwa 12. Usioneshwe chaji imejaa ukadhani betri ni nzima.

Sasa kuchaji. Soketi ya ukutani ya pini tatu, ambayo huku na huko nyumbani ni ile ile, hutoa kilowati mbili na kitu. Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40 ikiwa tupu, usiku mmoja haitoshi. Mashine ya kilowati 7 itakuchukua saa saba au nane, kama gari lenyewe linaweza kupokea umeme wa kasi hiyo. Ile kubwa ya kilowati 50, chini ya saa moja inafika asilimia 80, kisha inapunguza mwendo.

Linaloniuma ni hili. Nyumba yangu haina uwanja, mlango unafungukia barabarani. Jirani mwenye uwanja anachaji kwake kwa kodi ya serikali (VAT) ya asilimia 5. Mimi wa mashine za umma nalipa asilimia 20. Umeme ni ule ule! Na baridi yangu ya kwanza hapa nilisimama kwenye mvua, simu mkononi, kila mashine inataka programu yake. Tangu Novemba 2024 sheria inazilazimisha mashine za haraka zikubali kadi ya benki. Kwetu ziwe na M-Pesa tangu siku ya kwanza.

Maana Majengo, Tudor, Mji wa Kale, watu wanakaa gorofani na gari linalala njiani. Ami, tafadhali, usiteremshe waya wa ekstensheni dirishani. Inashika moto, na watoto wanapita. Kenya ina bei maalumu ya umeme wa magari tangu 2023, ilipoanza ikiwa shilingi 16 kwa yuniti, 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Lakini mpangaji wa chumba ataifikiaje bila mashine ya umma karibu naye?

Wa bodaboda za umeme wana nafuu, wanabadilisha betri wanaondoka. Gari kama hilo la ami haliwezi hivyo. Gari linataka kuchajiwa pale linaposimama muda mrefu. York wameweka mashine Monks Cross na Poppleton, kwenye maegesho ambako watu huacha magari wakapanda basi kuingia mjini. Mimi nikisikia hivyo naiona Likoni: mtu anaacha gari asubuhi, anavuka feri kwa miguu, jioni analikuta limejaa. Mashine za kilowati 7 zinatosha kabisa kwa hilo. Waheshimiwa wa kaunti mnaonisikia, anzeni hapo.

Wewe ami, kesho muulize mwenye nyumba, na kazini pia, kama watakuruhusu soketi iliyofungwa na fundi wa kweli. Wakikataa wote wawili, gari hilo liache. Wakikubali, nipigie picha ya hiyo midomo na ya vile vipande kabla hujatoa hata shilingi.